Pete Kumi na Mbili za Rido

Mukanda, barua ya serikali, ulifika siku ya pili ya kazi, asubuhi, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima wa Kamalondo ulikuwa umejua kwamba Jumamosi, saa nne, kamati ya Wazungu itaingia kwa Donat karani kutazama kama anaishi kama mtu.

Donat aliusoma amesimama, koti la kazini bado mwilini. Mkewe Virginie alikuwa kwenye kiti, miguu imevimba, mikono juu ya tumbo la miezi minane. Mama Kalaba, mama yake Donat, aliketi chini kwenye mkeka karibu na mlango, ambako alikuwa akinusa tumbaku yake na kuona wapita njia wote bila kulipa.

"Batakuya kuangaria nini?" Virginie akauliza.

"Kila kitu. Meza, sahani, kitanda. Kama tunakula pamoja, bwana na bibi. Kama kuko mikanda ya kusoma, vitabu. Choo."

"Na choo?"

"Na choo."

Mama Kalaba akapiga chafya. "Bantu banatoka mbali vile, wanapita bahari, juu ya kuangaria choo ya Donat. Kwani kwabo Bulaya choo haiko?"

"Mama, tafazali."

"Minauliza tu, mwana. Usiandike."

Kilichokuwa kinatafutwa ni karti, cheti cha serikali kwa mweusi aliyehesabiwa ameendelea. Mwaka ule wa hamsini na tatu, mtu mweusi mwenye karti hakupigwa kiboko, na baada ya saa tatu ya usiku, wakati weusi wenzake wote walitakiwa wawe ndani, yeye aliweza kupita njiani na bibi yake bila kuulizwa. Donat aliitaka karti kwa sababu nyingi, na nyingine zilikuwa za majivuno tu. Virginie alikuwa na sababu moja. Miaka miwili nyuma uchungu ulimshika baada ya saa tatu. Walitoka kwa miguu kwenda hospitali, polisi mmoja akauliza karatasi, karatasi haikuwepo, wakawekwa kwenye kituo chake mpaka kuche. Mtoto alizaliwa pale kwenye sementi, mwanaume, na hakuona asubuhi. Hawakuwahi kumpa jina. Sasa kulikuwa na mwingine tumboni, na huyu naye hakuwa amesema atakuja saa ngapi.

Jioni aliingia Mado, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mume wake Edouard alipata karti mwaka uliopita, na tangu hapo Mado aliitaja ile karti kama wengine wanavyomtaja mtoto wa kwanza. Alizunguka chumba, akagusa meza, akafuta kidole kwenye kanga.

"Iko muzuri," akasema. "Meza iko. Sahani nitakuazima yangu sita, lakini usiache mutoto wako Wivine anazishika. Ila Mama Wivine, dirisha hii!"

"Iko na nini?"

"Haina pazia, haina rido. Bale bantu, mbele ya yote banaangaria rido. Kwangu ule madamu aliingia, hakusema bonjour, alienda moja kwa moja pa dirisha. Akavuta. Ikaenda. Akarudisha. Ikarudi. Pale pale nikajua karti tumeipata."

"Kitambaa ninacho," Virginie akasema. "Nimeshashona maua. Nitaipigilia misumari pale juu."

Mado akacheka hadi akashika mlango. "Rido ya misumari haiko rido, mama. Ile ni shuka yenye banainyonga. Inapashwa fimbo, na pete. Ikivutwa, iende." Kisha akateremsha sauti, akatupa jicho kwenye mkeka. "Na siku ile, Mama mukubwa anaweza kukuya kwangu, ku jikoni. Bale hawapendi kuona bantu mingi mu nyumba."

"Mimi nitafichwa," akasema Mama Kalaba kutoka chini. "Na choo, mutaificha wapi?"

"Choo itabakia, mama."

"Ah. Choo iko na bahati."

 

Siku ya tatu Virginie alimwacha binti yao Wivine na bibi yake, akaenda mjini kwa miguu. Mfukoni alikuwa na uzi wenye mafundo mawili: fundo hadi fundo, huo ndio upana wa dirisha, na shibiri moja kila upande kama Mado alivyomwelekeza.

Kwenye duka la Mgiriki mlango mkubwa ulikuwa wa Wazungu. Weusi walisimama ubavuni, kwenye tundu la ukutani lenye kibao cha kuwekea vitu. Alingoja. Mbele yake kulikuwa na mpishi mmoja na mikanda miwili ya maagizo ya bibi yake Mzungu, na mpishi alihudumiwa haraka, kwa sababu hakuwa yeye aliyekuwa ananunua.

"Nini?" Mgiriki akauliza.

"Fimbo ya rido, bwana."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Bwana yako iko na dirisha ngapi?"

"Haiko ya bwana. Iko nyumba yangu mimi."

Mgiriki alimtazama, kisha akatazama tumbo, kana kwamba jibu liko humo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo, basi. Alichukua fimbo moja kutoka ukutani, ya njano, nyembamba, yenye mpira wa kung'aa kila mwisho, akaishika mbali na tundu ili aionyeshe bila kuguswa. Akataja bei. Ilikuwa mshahara wa Donat wa wiki mbili, kama Donat na watu wake watakubali kutokula.

Kabla Virginie hajajibu, mwanamke wa Kizungu aliingia kwa mlango mkubwa akitafuta vifungo, na Mgiriki akaenda. Vifungo vilitoka kwenye sanduku moja baada ya lingine. Vyeupe. Vyeupe zaidi. Virginie aliegemea kibao, akabadilisha mguu, akarudia ule wa kwanza. Mtoto tumboni alipiga teke. Alipomaliza kuuza vifungo vinne, Mgiriki akarudi.

"Unachukua?"

"Pete bei gani?"

"Pete bila fimbo?"

"Fimbo iko ku nyumba," akasema Virginie, na huo ukawa uwongo wake wa kwanza wiki ile. Akanunua pete kumi na mbili, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, na njia nzima ya kurudi zilikuwa zinagongana mfukoni zikimkumbusha kwamba fimbo haiko ku nyumba.

 

Jioni ile ile walianza kutafuta. Mama Kalaba alileta tete nene alilolikata nyuma ya choo, akalisifu kwamba kwao kaskazini nyumba nzima inasimama kwa matete. Walipopitisha pete, tete likapinda.

"Ni ya kukaushia samaki," Mado akasema kutoka mlangoni kwake. Kuta zilikuwa fupi na Mado hakupitwa na kitu.

Siku ya nne Donat alileta waya. Akaufunga msumari hadi msumari, akauvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Rido zilipotundikwa, waya ukalegea na vitambaa vyote viwili vikateleza hadi katikati, vikabaki pale vimesongamana, na pembeni dirisha likabaki wazi kulia na kushoto.

"Zinasengenya," akasema Mama Kalaba.

Donat aliketi. Tangu siku ya pili alikuwa anaamka na alfajiri kusugua sakafu, anakwenda kazini, anarudi kupaka choo chokaa, halafu anajifunza kwa Edouard namna ya kushika uma bila kuonekana kama anachoma samaki. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bila rido je?" akauliza.

Virginie alikuwa anatazama miguu yake.

Ndipo akaingia Faustin, kaka yake Virginie, kijana wa karakana moja nyuma ya reli, na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Akakifungua juu ya meza. Lilikuwa bomba, jeusi kwa mafuta na masizi, limenyooka kama mstari wa rula, na mwisho mmoja ulikuwa na meno ya skrubu.

"Nilisikia dada yangu anatafuta fimbo," akasema.

"Chuma gani hii?" Donat akauliza.

"Chuma tu, shemeji."

"Umeitosha wapi?"

"Ku takataka. Balikuwa banaitupa."

"Banaitupa nani?"

"Shemeji, unataka rido ao unataka kuandika ripoti?"

Donat aliligusa bomba. Lilikuwa zito kuliko chuma cha ukubwa ule. Kazi yake, mwaka hadi mwaka, ilikuwa kuandika majina ya vitu kwenye daftari: hiki nini, kinatoka wapi, kinakwenda wapi. Jioni ile hakutaka kuandika jina la kitu chochote.

"Shika upande ule," akasema.

Walipanda juu ya meza. Tofali lilikuwa la udongo laini, kila msumari uliingia na kutoka na unga mwekundu, hadi Faustin akachonga vigingi vya mti akavigongomea kwanza, ndipo misumari ikapata pa kushika. Mama Kalaba alielekeza kutoka mkekani.

"Kushoto iko chini."

"Mama, iko sawa. Nimepima."

"Kama umepima, basi nyumba njo imelala."

Waliinua kushoto. Faustin akachukua koleo lake akapinda misumari juu ya bomba pande zote mbili, akaikaza, ili Wivine asije akajitundika na kuangusha kila kitu. Kisha akaweka koleo mfukoni, kwa sababu lilikuwa la karakana na lilitakiwa kurudi, akaenda zake.

Virginie akavuta rido. Zilikuwa nyeupe, na maua ya buluu aliyoyashona miezi mitatu kwenye mafunzo ya wanawake. Pete ziliteleza. Srrr. Akarudisha. Srrr. Donat naye akajaribu. Halafu Wivine. Halafu Donat tena, mara nne, na Mama Kalaba akasema kama hawaachi, Jumamosi pete zitakuwa zimekwisha.

Usiku huo Virginie alilala bila kugeuka.

 

Jumamosi asubuhi Donat alitoka kwenda kubeba viti vya Edouard. Virginie alibaki akifuta vumbi la mwisho, na kila alipopita alitazama dirisha. Rido zilikuwa nyeupe, na juu yake lile bomba lilikaa jeusi kama kidole cha mkaa. Kwenye mafunzo madamu wa Kizungu aliyewafundisha alikuwa na sufuria zake ukutani, na aliwafundisha wanawake jambo moja mara nyingi hadi wakalichoka: chuma cha nyumba kinapaswa kung'aa, chuma kisichong'aa kinamshitaki bibi wa nyumba.

Akapasua ndimu mbili. Akachukua majivu na chumvi. Akapanda juu ya kiti, mkono mmoja ukutani, tumbo limegusa dirisha, akaanza kusugua. Masizi yalitoka. Chini ya masizi kukatoka wekundu. Akasugua zaidi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye macho, lakini kila aliposugua pakawa pazuri zaidi, pekundu pa joto, kama sufuria za madamu, na kwa mara ya kwanza wiki nzima alijikuta anaimba. Alisafisha mwisho hadi mwisho. Hata meno ya skrubu aliyapitishia kitambaa, moja moja.

Donat aliingia na viti viwili kichwani. Akaviweka chini polepole.

"Virginie. Umefanya nini?"

"Nimesafisha. Angaria vile inang'aa."

"Hii ni shaba."

"Ndiyo. Si iko muzuri?"

"Muntu mweusi mwenye shaba ya karakana mu nyumba yake, anaitwa nani?"

Alibaki juu ya kiti na kitambaa mkononi. Mji mzima uliishi kwa shaba. Walichimba, waliyeyusha, waliipakia kwenye mabehewa, na moshi wake waliuvuta bure usiku na mchana. Lakini kipande cha urefu wa kidole kikikutwa kwa mtu mweusi, hakuna aliyemuuliza alikipata wapi ila kwa kufuata desturi, huku pingu zikifunguliwa. Virginie alikuwa amelijua hilo tangu utoto. Asubuhi ile tu, akili yake ilikuwa kwenye sufuria za madamu.

"Faustin," akasema.

"Faustin mbele. Mimi nyuma yake."

"Tuitoshe pale juu."

Donat akapanda, akavuta. Misumari ya Faustin ilikuwa imepindwa na mtu anayejua kazi yake. Akavuta kwa mikono, kwa mpini wa kijiko, kwa meno ya uma wa kuazima wa Mado, na uma ukapinda. Koleo lilikuwa karakana. Mbali, kwenye kona, injini ya motokari ilisikika, na watoto wakaanza kukimbia upande ule wakipiga kelele.

"Kirangi!" Donat akasema. "Kirangi ya viatu!"

Kopo lilikuwa chini ya kitanda. Alipaka kwa vidole, bila brashi, nyeusi juu ya nyekundu, huku Virginie akishika rido zisichafuke, huku Mado kwenye mlango akimvuta Mama Kalaba kwa mkono na kusema haraka mama, haraka, na Mama Kalaba akisema nakuya, magoti yangu hayana motokari. Injini ilipozimwa Donat alikuwa anasugua mikono kwa majivu na ndimu. Bomba lilikuwa jeusi. Lilikuwa jeusi kuliko mwanzo.

 

Walikuwa watatu: bwana mwenye karatasi nyingi na kofia aliyoivua na kutafuta pa kuiweka, yule madamu wa mafunzo mwenyewe, na padri mmoja mzee, Père, ndevu nyeupe, aliyefanya kazi miaka mingi kaskazini, kwao Mama Kalaba, kabla ya kuletwa mjini kwa sababu ya mapafu.

Bwana aliuliza kwa Kifaransa, Donat akajibu kwa Kifaransa, mikono nyuma. Bibi anakula wapi? Mezani, bwana. Pamoja na wewe? Pamoja nami. Mara ngapi? Kila siku, bwana. Bwana akafungua kabati, akahesabu sahani za Mado. Akachukua uma uliopinda, akautazama, akaurudisha. Akaingia chumbani, akabonyeza kitanda kwa kiganja. Akaenda choo, akarudi, akaweka alama kwenye karatasi, na alama ile ilikuwa nzuri, maana hata masharubu yake yalitulia.

"Mama na baba yako?"

"Baba alikufa, bwana. Mama... anatembelea."

Virginie alisimama karibu na dirisha kama aliyepigiliwa pale. Jua la saa nne lilikuwa linaingia, na harufu ya kirangi ilikuwa inapanda.

"Ah, les jolis rideaux!" akasema madamu, akizisifu rido. Akaja, akamsogeza Virginie kwa ncha za vidole, akashika rido zote mbili, akavuta.

Srrr.

Pete kumi na mbili zilipita juu ya kirangi kibichi, na nyuma yake, kushoto na kulia, zikaacha mistari myekundu inayowaka kwa jua. Na nyuma ya rido, nje, uso kwenye kioo, tumbaku puani, alisimama Mama Kalaba, ambaye jikoni kwa Mado hakupata dirisha la kumtosha.

Kila mtu alitazama kila mtu.

Bwana akasogea. Akagusa mstari mmoja kwa kalamu, akaitambua shaba. "C'est du cuivre, ça." Akamgeukia Donat. "Inatoka wapi?"

Kifaransa cha Donat, cha miaka minane ya shule na kumi ya kazi, kikaondoka chote. Virginie aliona mikono yake nyuma ya mgongo, nyeusi bado kwenye kucha.

"Iko yangu," sauti ikasema kutoka nje.

Alizunguka nyumba kwa magoti yake yasiyo na motokari, na walimngoja. Aliingia, akamsalimu Père kwa Kiluba, kwa heshima zote, akauliza habari za mapafu, akanyoosha kidole kwenye bomba na kuongeza maneno machache, kisha akaketi mkekani kwake kana kwamba wageni ni wake.

"Anasema nini?" bwana akauliza.

"Anasema ni mahari yake," Père akajibu. "Zamani kwao mwanamke alitolewa kwa shaba. Misalaba ya shaba, hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Hilo ni kweli, nimeiona kwa macho yangu." Kisha akalitazama bomba, akamrudia mama mzee kwa Kiluba. "Mama Kalaba, msalaba huu mbona hauna mikono?"

"Ilikatika njiani, Père. Toka kwetu mpaka hapa ni mbali."

"Na katikati mbona uko wazi?"

"Njaa."

Père akainama kulitazama karibu zaidi. Alipitisha kidole hadi mwisho wa bomba, hadi kwenye yale meno ya skrubu aliyoyasafisha Virginie moja moja. Kidole gumba kikasimama pale. Kidole hakikuondoka. Kilibaki kimefunika meno, kama mtu aliyechoka anayeshikilia kitu asianguke, na Père akakohoa kwa muda mrefu.

"Na kirangi je?" akauliza bwana, sasa kwa Kiswahili cha kuamrisha. "Juu ya nini kupaka kirangi?"

"Iko na haya, bwana," Mama Kalaba akasema. "Haijazoea bageni."

Bwana hakucheka, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekuja kutazama choo akakuta hazina. Akaandika. Akaandika tena. Kisha akainua kalamu kwa Donat.

"Wewe ni karani. Umesoma. Unaamini mambo haya? Unatunza shaba ya mahari dirishani?"

Hapo ndipo palipokuwa na shimo, na Donat aliliona upana na urefu. Akisema siyo, ni bomba, basi Jumatatu Faustin hayupo karakana wala nyumbani. Akisema ndiyo, basi yeye siye mtu wanayemtafuta. Karti haikuwa ya watu wanaotunza vitu vya mababu dirishani. Alimtazama mkewe. Hakumtazama kama bwana anavyomtazama bibi. Alimtazama kama mtu anayeuliza njia.

Virginie aliweka mkono juu ya tumbo. Kando yake madamu alitoa leso, akafuta kirangi vidoleni.

"Ndiyo, njo vile, bwana," akasema Virginie mwenyewe. "Njo desturi yetu. Tunaifunga pa dirisha juu ya kumulinda mutoto."

"Donc, oui," akasema bwana, akimtazama Donat athibitishe.

"Oui, monsieur," akasema Donat.

Bwana akafuta ile alama ya choo. Kisha akaomba, kwa adabu kubwa kuliko yote aliyoitumia asubuhi ile, kama mama mzee angekubali kumwachia kitu hiki cha kale, kwa ukuta wake. Mama Kalaba alisita kidogo, kwa ajili ya uzuri wa jambo lenyewe, akakubali. Dereva akaletwa na koleo kutoka kwenye motokari. Misumari ya Faustin ikanyooka dakika moja. Rido zikateleza, moja, halafu ya pili, zikaanguka sakafuni na pete zake, na shaba ya karakana ikatoka nje mikononi mwa bwana mwenyewe, ikapitishwa dirishani mwa motokari kwa uangalifu isije ikakwaruzwa.

Mama Kalaba alipewa sarafu moja. Aliitazama pande mbili.

"Mahari yangu imeshuka," akasema.

 

Jibu lilifika baada ya siku kumi. Donat alilisoma amesimama. Mwombaji ana nyumba safi na tabia njema, lakini yeye na mkewe bado wamefungwa na desturi za ukoo. Anaweza kuomba tena baada ya miaka miwili.

"Miaka mbili," akasema Mama Kalaba. "Mwambie mutoto angojee."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Donat alikunja karatasi mara nne, akavua koti, akaketi. Dirisha lilikuwa wazi, na vigingi viwili vilitoka ukutani bila kazi. Faustin alikuja siku mbili kabla, akasema dada tu, akapasua kuni zote zilizokuwapo.

"Sasa tutafanya je?" Donat akauliza.

Virginie alikuwa anaokota rido kutoka kwenye kikapu. Alikuwa amezifua mara tatu na kirangi kilikuwa kimebaki juu, kwenye mikunjo, kijivu.

"Tutaenda mapema," akasema.

Na ndivyo walivyofanya. Kila siku saa kumi na moja, jua bado likiwa juu na polisi bado akiwa hana la kuuliza, Virginie alifunga mlango akaenda hospitali kwa miguu, na Mama Kalaba nyuma yake na mkeka. Walitandika kwenye baraza, karibu na mlango wa wazazi, Virginie akajifunika rido moja na mama mkwe nyingine. Walilala. Asubuhi saa kumi na mbili walikunja mkeka wakarudi Kamalondo kupika.

"Imeanza?" mlinzi wa mlangoni aliuliza siku ya kwanza.

"Bado."

"Sasa unatafuta nini?"

"Ninangojea ndani."

Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tano akaacha kuuliza. Siku ya tisa akawa anawawekea mahali pasipo na upepo. Njia ile ilikuwa ndefu kwa mwenye miguu kama ile, na kurudi ilikuwa ndefu zaidi, na jioni ilifika upesi kila siku. Mara moja mvua iliwakuta katikati. Mara moja Virginie aliketi kando ya barabara akasema hasimami tena, na Mama Kalaba akaketi naye, akanusa tumbaku yake hadi mwisho, akasema vizuri, tuzalie hapa, angalau hapa bazungu hawatauliza choo. Virginie akasimama.

Walikwenda jioni kumi na saba.

Siku ya kumi na nane, saa sita ya mchana kabisa, Virginie akiwa nyuma ya nyumba anachambua mboga ya lengalenga, maji yakamtoka. Mado alipiga kelele kwa niaba yake. Wakatoka, Virginie, Mama Kalaba na rido moja begani, na Mado na sahani bado mkononi, wakapita njia ile ile katikati ya jua kali, na polisi wawili waliosimama kivulini waliwatazama wakipita na hawakuuliza kitu.

"Leo mapema," akasema mlinzi.

"Leo amekuya mwenyewe," akajibu Mama Kalaba.

Alikuwa mwanaume, na alilia kabla hajafika kwenye mikono ya mtu. Jioni watu wa nyumbani walipoingia kuwaona mama na mtoto, muuguzi alikuwa amemfunga katika kile kitambaa kilichokuwepo, cheupe, chenye maua ya buluu na kijivu juu, na kila mtoto alipopumua pete sita zilikuwa zinagongana kidogo shingoni mwake.

"Hizi pete za nini?" muuguzi akauliza huku akiandika.

"Ya rido," akasema Virginie, macho yamefumba.

"Na fimbo?"

"Fimbo iko kwa muzungu," akasema Mama Kalaba, akamchukua mjukuu wake, akamsogeza kwenye dirisha ili amuone vizuri. "Sisi tulibakia na huyu."